Jirani Aliyenisomea Kiingereza

Kitu cha kwanza kuniambia kwamba Kiingereza changu ni kizuri kilikuwa simu, na mimi sikuiamini. Nilikuwa nimetaja neno moja tu, la mkate, ikanipigia tarumbeta na kunimwagia nyota za manjano kioo kizima. Mtu mzima akikusifu namna hiyo kwa kutaja mkate, unajua ana shida anayotaka kukueleza. Niliendelea nayo kwa sababu sikuwa na njia nyingine, lakini tangu siku ile nilikuwa na maoni yangu kuhusu masomo ya mtandaoni, na nilipoulizwa baadaye niliyasema yote.

Tulikuwa tunaishi Nsambya, Kampala, kwenye makazi ya polisi, mimi na baba. Baba alikuwa sajini. Ni mtu wa kaskazini aliyeingia polisi baada ya vita, kazi ikamzungusha kituo hadi kituo, na sisi tukazungushwa naye. Mama, aliyefariki nikiwa mdogo, alikuwa Mwislamu wa kabila jingine kabisa, na baba ni Mkatoliki, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowaoza. Ndicho nilichonyonya. Mjini Kampala watu wengi walikuwa wakikisikia wanageuka kutazama bunduki iko wapi, kwa kuwa wao walikijua kama lugha ya wanajeshi. Mimi sikuona haya. Ilikuwa lugha ya chakula na ya kulala nyumbani kwetu, anayeogopa na aogope.

Tatizo langu lilikuwa Kiingereza. Nilikuwa nimebadilisha shule mara nyingi mno, na kila shule nilikuta wameshapita mahali nilipoishia kule nyingine. Mtihani wa senior four, yaani kidato cha nne, nilifaulu hesabu, nikafaulu biolojia, Kiingereza kikaniangusha chali. Na nilitaka kuwa muuguzi. Nilikitaka hicho kitu tangu siku nilizokaa wodini na mama, na sikuwahi kutaka kingine. Chuo cha uuguzi nilichoomba kilikubali masomo yangu mengine, kikasema nilete cheti cha Kiingereza kutoka shule ya lugha kabla ya muhula kufunguliwa, kisha nije kuhojiwa.

Na mwaka huohuo baba alikuwa anastaafu. Askari akistaafu anarudisha nyumba, apewe mwingine. Nikipata nafasi chuoni ningelala bwenini na kubaki Kampala. Nikikosa, ningepanda lori pamoja na vitanda na masufuria kwenda kijijini kwa baba, mahali ambapo nilikuwa mgeni kuliko mahali pengine popote, na habari ya uuguzi ingeishia hapo. Baba hakunificha. Alisema, "Serikali nataka nyumba yake. Wewe sukuma hiyo Kiingereza yako haraka."

Nikaenda Wandegeya, kwenye shule ya lugha iliyokuwa ghorofani, juu ya maduka ya kuchapa na kutoa kopi. Tulisoma alasiri, na mlio wa mashine za kopi ulipanda kwenye sakafu hadi miguuni. Darasa letu lilikuwa la watu wa kila aina. Kulikuwa na kinyozi Mkongo aliyeimba kwaya, kulikuwa na msichana kutoka Sudan Kusini aliyeandika mwandiko mzuri kuliko sisi sote, na wengine. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole, hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kiingereza darasani, Kiswahili ngazini.

Shule ile ilikuwa na utaratibu wake. Nusu ya kazi tulifanya darasani, nusu tulifanya wenyewe nyumbani kwa simu. Kila mmoja alipewa akaunti yake kwenye programu moja, na kule ofisini mwalimu aliona kwenye kompyuta nani amesoma nini na saa ngapi. Asiyetimiza kazi ya simu haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Programu ilikuwa na mtindo wa kukuwashia moto, picha ndogo ya moto juu ya kioo. Ukisoma kila siku unawaka na kukua. Ukikosa siku moja unazimika, unaanza upya na kijimoto cha mtoto. Mwalimu alisema moto ule nao una alama zake.

Simu yangu ilikuwa na betri iliyovimba. Ilizima ilivyotaka, katikati ya sentensi. Kwa hiyo nilifungua akaunti ileile pia kwenye simu ya jirani yangu, na hapa ndipo nimtambulishe jirani.

Alikuwa Mkenya, mke wa konstebo, mtu wa upande wa Kakamega. Asubuhi alikwenda Nateete kushona sare za shule, mchana alirudi na cherehani ya pili iliyokuwa nyumbani ikaendelea. Alinizidi umri, alikuwa na watoto wanaosoma, alikuwa na kicheko kinachosikika hadi kwenye lango la walinzi. Mlango wake na wetu ulitazamana. Nyumba zetu zilikuwa zile za bati za mviringo ambazo sote tuliziita uniporti, na mchana ndani yake mtu anaiva. Hakuna anayekaa ndani. Maisha yote yalikuwa nje, kwenye kivuli chembamba kati ya nyumba na nyumba.

Kwa hiyo hayo masomo ya kujitegemea niliyafanyia nje, mbele ya watu. Simu tuliitia kwenye sufuria tupu ili sauti ipande. Baba akitoka zamu aliketi kwenye kigoda chake, bado na buti, akisikiliza. Alikuwa amefanya kazi ya redio ya polisi miaka mingi na alikuwa na lawama zake kuhusu ile sauti ya simu.

"Hii haisemi ova," alisema. "Sasa wewe najua namna gani kama yeye namaliza?"

"Inanyamaza tu, baba."

"Kunyamaza si kumaliza. Hata mwizi nanyamaza."

Jirani naye alicheka maswali yenyewe. Simu ilitaka kujua kama napenda kuteleza kwenye theluji. Ilinipeleka hotelini kulalamika kwamba chumba kina baridi, nami nimekaa nimeegemea bati linalounguza mgongo. "Mwambie akuje Nsambya," jirani alisema, "atatafuta hiyo baridi mpaka achoke." Lakini hakucheka tu. Nikikosea alisema, "Si hivyo, jana ilisema vingine," na mara nyingi alikuwa sahihi. Tulibishana juu ya jibu hadi tukubaliane, kisha mwenye kidole kikavu akabonyeza. Kama ungeuliza somo lile limefanywa na nani, sijui ungejibiwa nini.

Sasa nieleze habari ya majiko, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeelewa kilichotokea.

Sigiri zetu, hayo majiko ya makaa, zilikuwa nje zote, zimepangana kwenye ukuta mmoja. Maharagwe yanakula nusu siku, na hakuna mwenye nusu siku ya kuyatazama. Basi ilikuwa desturi ya pale kwamba ukipita ukaona maharagwe ya mwenzio yanakauka, unaongeza maji. Ukiona makaa yake yanakufa, unaongeza makaa, yako mwenyewe kama huoni yake. Huulizi. Mwenye sufuria naye hakuombi umwangalizie, kwa maana kuomba ni kumwambia jirani kwamba unamdhania ni mtu wa kupita tu. Mke wa inspekta alifanya hivyo, mke wa konstebo alifanya hivyo. Wanawake waliochukiana walipepeleana moto bila kutazamana usoni.

Siku ambazo nilikuwa Wandegeya darasani, jirani alifungua simu yake akaona ule moto wangu unapungua nguvu, na programu ikimwandikia kwamba utazimika leo. Akafanya alichofanya siku zote. Akauongezea makaa. Alikaa kwenye kigoda cha baba, akafanya somo la siku ile, moto ukawaka, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuniambia, kama ambavyo hakuwahi kuniambia ameongeza maji kwenye maharagwe.

Mwalimu aliniita mwishoni mwa kipindi. Kwa upole wake uleule aligeuza kompyuta nione. Kulikuwa na mstari wa masomo yaliyofanywa saa ambazo mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, daftari wazi, nikimjibu. Si mara moja. Aliuliza nani alikuwa akinifanyia kazi. Nilijua mara moja ni nani, na damu ikanipanda kichwani. Alisema hana uwezo wa kulimaliza mwenyewe, litakwenda kwa mkuu wa shule, na kwamba kanuni ya shule inasema anayefanyiwa kazi na mtu mwingine haruhusiwi kufanya mtihani.

Nilirudi kwa miguu kutoka mjini hadi Nsambya nikisema peke yangu njia nzima. Nilimkuta jirani anakunja sare, nikasimama mbele yake.

"Nani alikutuma uguse masomo yangu?"

Alitabasamu, akidhani namshukuru kwa namna ya utani. "Aki moto wako ulikuwa unataka kuzima! Sasa ningekaa tu nikiangalia?"

"Haya si maharagwe!" nilimwambia. Nilisema na mengine, na kwa sauti, na milango ikafunguka. Nilimwambia kwamba kwa wema wake nitalala kijijini mwaka huu nikichunga mbuzi nisiowajua. Sikukosea kukasirika. Nafasi ile ilikuwa yangu moja, na mtu alikuwa ameikalia bila kujua. Yeye alichukua simu yake, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuiondoa ile akaunti, nikaiondoa mwenyewe mbele yake, na akaingia ndani.

Siku zilizofuata hatukuongea. Nilisoma peke yangu, na ile simu mbovu, mgongo kwenye bati, na kwa mara ya kwanza kweli ilikuwa kujitegemea kama shule ilivyotaka. Ilikuwa kavu mno. Nikikosea nilipewa alama nyekundu, nikipatia nilipigiwa tarumbeta, na vyote viwili vilikuwa sawa tu, havina mtu ndani yake. Baba alikaa kwenye kigoda chake akitazama mlango wa jirani. Maharagwe yangu hayakuungua hata siku moja. Jirani alikuwa haniongeleshi, na maji alikuwa akiongeza.

Kisha mkuu wa shule akaitisha darasa zima. Alikuwa Muganda mnene, mwenye miwani aliyoivaa kwenye paji la uso badala ya macho, na alitaka kusikia maoni yetu kuhusu masomo ya mtandaoni kabla ya kuamua kama shule iendelee nayo. Kesi yangu aliiweka mwisho, lakini kila mtu alikuwa anaijua, maana ngazi zile hazikuwa na siri.

Mkongo alisimama wa kwanza. Alisema yeye anaipenda programu kwa sababu haina roho mbaya. Kwenye kibanda chake cha kunyolea wateja wanamcheka anapotafuta neno, lakini simu anaweza kuiuliza jambo moja hadi kiyama nayo haikunji uso. Msichana wa Sudan Kusini alisema kinyume. Alisema hilo ndilo linalomuudhi, kwamba simu haimcheki wala haimhurumii, na yeye anajifunza Kiingereza ili aongee na watu wenye nyuso. Pia alisema bando linakatika katikati ya somo na programu inamhesabu kuwa mvivu. Hapo darasa zima liliguna kukubali. Mwingine akasema inamsaidia matamshi, mwingine akasema inamfundisha kuagiza vyakula asivyovijua. Mwalimu aliandika yote, haraka, kichwa chini.

Mkuu akanigeukia. Aliacha Kiingereza, ili lolote litakaloniangusha lisiwe lugha.

"Mimi nauliza wewe kwa Kiswahiri. Hii masomo nani alifanya?"

"Jirani yangu, ssebo," nilimjibu, kwa lile neno la Kiganda la kumheshimu mwanamume.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua."

Akashusha miwani, akanitazama vizuri, na nikaona hana ubaya. Alikuwa ananitafutia mlango.

"Basi sema tu yule mama aliiba paswadi. Tunafuta yake yote, wewe unafanya mutihani. Sivyo? Ni kweri hukujua."

Ilikuwa kweli sikujua. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na upande wa pili wake kulikuwa na bweni, sare nyeupe, na Kampala. Ningeweza kupita bila kusema uongo mwingi, neno moja tu lilikuwa la uongo. Lakini neno lenyewe ni kuiba, na mimi ni mtoto wa polisi. Nyumbani kwetu mtu haitwi mwizi kwa ajili ya kurahisisha kazi.

"Hakuiba, ssebo," nilisema. "Paswadi nilimpa mimi. Tunasoma pamoja, tangu mwanzo. Mkitaka kujua kama najua Kiingereza, niulizeni sasa hivi. Simu wekeni pembeni."

Sikupanga kusema hayo. Yalipotoka niliyasikia kama wengine walivyoyasikia, na nikaona ni kweli, nikasimama wima zaidi. Mkuu alimtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, na nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu kwa meno.

"Haya," mkuu alisema, na hapo akahamia Kiingereza. Aliniambia nimweleze habari za huyo mwanamke. Basi hiyo tu.

Hakuna somo kwenye programu liitwalo hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoteli, kwa uwanja wa ndege, kwa daktari wa meno. Nilianza vibaya. Nilisema ni jirani yangu, anashona, anatoka Kenya. Kisha nikaeleza uniporti na joto lake, na sufuria tuliyoitumia kupaza sauti, na sigiri zilizopangana ukutani. Nyakati za vitenzi zilinichanganyikia, jana ikawa kesho, lakini sikusimama. Neno likinikosa nilizunguka nikalikuta upande wa pili. Nilieleza kuhusu maharagwe na maji. Mkongo nyuma yangu alisema "Ndiyo kabisa" kwa sauti, na mkuu hakumnyamazisha.

Nikaeleza jinsi tunavyobishana juu ya jibu. Nilisema kwamba wiki zile za mwisho, kabla hatujakosana, yeye ndiye aliyekuwa akinieleza maneno, maneno ya masomo ambayo mimi sikuwa nimeyafikia. Nikawa naendelea na sentensi nyingine, na nikakwama. Si kwamba nilikosa Kiingereza. Nilikuwa nimesikia nilichosema.

Mtu hawezi kukueleza somo ambalo hajasoma. Mara ya kwanza labda aliuongezea moto wangu makaa. Labda na ya pili. Lakini nilikumbuka ule mstari kwenye kompyuta ya mwalimu, masomo yaliyofuatana, magumu juu ya magumu, na mengine yaliyorudiwa hadi yakapata nyota zote. Hakuna anayerudia mara tatu maharagwe ya mwenzake. Yule mwanamke alikuwa anasoma.

Nilimwambia mkuu hivyohivyo, kwa Kiingereza, nikiwa nimesimama pale nikilifahamu jambo lenyewe: kwamba amenipita, kwamba sasa yuko mbele yangu, na kwamba hakuna aliyejua, hata mimi.

Mkuu alirudisha miwani kwenye paji. "Huyo ni mwanafunzi," alisema. "Kwa nini hayuko hapa?"

Uamuzi wake haukuwa zawadi. Masomo yote ya jirani yangu yalifutwa kwenye akaunti yangu, na ilinibidi niyafanye upya mwenyewe kabla ya mtihani. Moto wangu ukarudi kuwa kijimoto. Lakini mtihani nitafanya, na mwalimu akaandika kwenye maoni yake kwamba wanafunzi wengi hawasomi peke yao, wanasoma nyumba nzima, na shule ifikirie hilo kabla ya kumwita mtu mdanganyifu. Darasa lilipotoka, nusu yao walikuja kuniambia kimyakimya kwamba nao ni hivyohivyo. Mkongo alikuwa na kaka zake wawili ndani ya akaunti moja. Msichana wa Sudan Kusini alikuwa na shangazi.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwake bila kupita kwetu. Cherehani ilikuwa inakimbia. Niliketi kitandani juu ya sare.

"Umefika somo la ngapi?" nilimuuliza.

Cherehani ikasimama. "Lipi? Si uliondoa."

"Kabla sijaondoa."

Alikata uzi kwa meno, taratibu, akijipa muda. Kisha akaniambia bila kunitazama kwamba aliacha shule darasa la sita. Kwamba walimu wakuu wanaoleta oda za sare pale Nateete wanamwongelesha Kiingereza, naye anasema yes, yes, wakiondoka anamuuliza mwenye meza ya jirani wamesema nini. Kwamba mara ile ya kwanza kweli alikuwa ananitunzia tu. "Halafu nikaona kumbe ninaelewa," alisema. "Nikaona hii kitu si ya watoto wa shule pekee. Lakini akaunti ni yako, ningesema nini?"

Nilimwambia mkuu wa shule anamwita. Akacheka kile kicheko chake, kikaishia katikati.

"Na huu uzee?"

"Kuna babu mmoja darasani ana meno ya kununua."

Hakusema atakwenda wala hatakwenda. Lakini siku ya pili baba alikaa kwenye kigoda chake na buti zake, na sufuria ilikuwa na simu mbili ndani, yangu na yake, zikiongea kwa pamoja, na baba akafoka kwamba hakuna redio inayoweza kufanya kazi hivi.

Nilifanya mtihani nikafaulu. Sitajifanya kwamba nilishangaa. Mahojiano ya chuo yalikuwa mafupi, wanawake wawili na mwanamume mmoja nyuma ya meza ndefu, na niliongea nao kama nilivyoongea siku ile Wandegeya, nikizunguka pale neno liliponikosa, bila kuomba radhi. Waliponiambia nimepata, niliwaomba warudie ili niwe na hakika. Walirudia. Watu huniuliza hadi leo kama masomo ya simu yanafaa kitu, kwa kuwa sasa kila kijana anayo. Nawaambia yanafaa sana. Nawaambia pia kwamba tarumbeta zisiwadanganye, na watafute mtu wa kuwaambia wamekosea.

Baba aliondoka wiki ileile niliyohamia bwenini. Lori lilikuja asubuhi, vitanda vikapanda, na kile kigoda alikipandisha mwenyewe. Majirani walitoka wote. Alivaa shati la kiraia ambalo sikuwahi kumwona nalo, na bila sare alionekana mfupi. Alinishika bega, akamgeukia jirani yangu aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na kitabu kwapani.

"Mama," alimwambia, "huyu mimi naachia wewe. Angalia yeye."

Nilitegemea angesema ndiyo. Hakuna pale ambaye hangesema ndiyo.

"Hapana, Afande," alisema. "Huyu ameshakua, atajiangalia. Mimi niko na mtihani wangu Jumatatu."

Baba alicheka hadi dereva akashuka kuona kuna nini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia mbele ya kambi nzima, kwa furaha na kwa uchungu, na sikujali nani ananiona.